Kujifungua Salama Si Mwisho wa Safari: Somo la Kumkinga Mtoto Dhidi ya VVU

Siku ya kliniki, mabenchi ya zahanati hujaa mapema. Upande mmoja huketi wajawazito, kadi zao mkononi, wakisubiri kupimwa shinikizo la damu na kusikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto. Upande wa pili huketi akina mama waliokwisha kujifungua, watoto mgongoni, wakisubiri mizani na chanjo. Kwa mpita njia, makundi hayo ni mawili: moja linamngoja mtoto, jingine limekwisha kumpata. Kwa muuguzi anayetoa huduma ya kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kundi ni moja. Akina mama wote hao wamo katika safari ileile, na safari hiyo haiishii katika chumba cha kujifungulia.

Hilo ndilo jambo kuu la somo hili. Wakazi wengi wanafahamu kwamba mjamzito hupimwa VVU kliniki na kwamba zipo dawa za kumkinga mtoto. Lisilofahamika vyema ni kwamba hatari haikomi siku mtoto anapolia kwa mara ya kwanza. Huendelea kwa muda wote anaponyonya. Mama anayeacha dawa kwa kuwa amejifungua salama, na mama asiyerudia kupima kwa kuwa kipimo cha kwanza hakikuonesha maambukizi, wote wawili humwacha mtoto bila kinga wakati bado anaihitaji. Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Vipindi vitatu vya hatari

Mama anayeishi na VVU anaweza kumwambukiza mtoto katika vipindi vitatu: wakati wa ujauzito, wakati wa uchungu na kujifungua, na wakati wa kunyonyesha. Katika ujauzito, kondo la nyuma hutenganisha damu ya mama na ya mtoto, na ndiyo maana watoto wengi hawaambukizwi wakiwa tumboni. Kinga hiyo hupungua virusi vinapokuwa vingi katika damu ya mama au kondo linapodhurika. Wakati wa kujifungua, mtoto hupita katika damu na majimaji ya njia ya uzazi. Baada ya hapo, virusi vilivyomo katika maziwa vinaweza kumfikia kila anaponyonya.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba pasipo huduma yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Katika hesabu hiyo, 5 hadi 10 huambukizwa wakati wa ujauzito, 10 hadi 20 wakati wa uchungu na kujifungua, na 5 hadi 20 kwa njia ya maziwa. Msomaji atazame tarakimu hizo za mwisho. Unyonyeshaji usio na kinga unaweza kuleta maambukizi mengi kama yale ya kitanda cha uzazi, tena kimyakimya, kidogo kidogo, kwa miezi mingi.

Mama na mtoto wanapopata huduma kamili, hali hubadilika. Waambukizwao hushuka hadi chini ya 5 kati ya 100, hata pale mama anaponyonyesha. Dawa za kufubaza VVU, zinazojulikana kwa wengi kama ARV, huzuia virusi kuzaliana. Virusi vikipungua mwilini, hupungua pia katika damu, katika njia ya uzazi na katika maziwa. Mama aliyeanza dawa kabla ya kushika mimba, na ambaye kipimo cha wingi wa virusi hakivioni anapokaribia kujifungua, ana nafasi kubwa mno ya kumzaa mtoto asiye na maambukizi.

Kwa nini mafunzo ya leo si ya jana

Katika familia nyingi, ushauri wa uzazi hutolewa na mama mzazi, mama mkwe, shangazi au bibi. Wengi wao walilea wakati mafunzo yalikuwa tofauti, nao husema kwa nia njema yale waliyoyasikia wakati huo. Ni vyema kufahamu jinsi mafunzo hayo yalivyobadilika.

Mwaka 1994, utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulionesha kwamba dawa iitwayo zidovudini, ikitolewa kwa mjamzito na kisha kwa mtoto, hupunguza maambukizi kwa takriban theluthi mbili. Ilikuwa dawa ya gharama kubwa kwa nchi zetu. Mwaka 1999, utafiti uliofanyika Kampala nchini Uganda ulionesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapini kwa mama wakati wa uchungu, pamoja na dozi moja kwa mtoto, hupunguza maambukizi kwa karibu nusu vikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Tanzania ilianza huduma hizi kwa majaribio mwaka 2000 katika hospitali chache. Hapo ndipo lilipotoka wazo la „kidonge cha leba", ambalo bado limo vichwani mwa wazee wetu.

Kidonge hicho kiliokoa watoto wengi, lakini kilikuwa na upungufu: kilimlinda mtoto katika kupita tu, si katika miezi ya kunyonya, wala hakikumtibu mama. Kwa hiyo baadhi ya akina mama walishauriwa wasinyonyeshe kabisa. Pale ambapo maji safi na maziwa mbadala hayapatikani kwa uhakika, watoto walioachishwa ziwa waliugua kuhara, nimonia na utapiamlo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri, likaeleza kwamba mama anaweza kunyonyesha huku dawa zikimlinda mtoto. Mwaka 2013 Tanzania ilianza kuwapa wajawazito na wanaonyonyesha wote wenye VVU dawa za maisha yote, bila kusubiri kinga zao zishuke. Mwaka 2016 utaratibu huo ulipanuliwa kwa kila anayeishi na VVU, na kuanzia mwaka 2019 dawa yenye dolutegraviri, inayomezwa kidonge kimoja kwa siku, ikawa dawa ya kwanza kwa watu wazima walio wengi.

Basi bibi anaposema kwamba kidonge kimoja kinatosha, au kwamba mama mwenye VVU asimnyonyeshe mwanawe, hakosei kwa ubaya. Anarejea mafunzo ambayo wakati wake umepita.

Hatua za safari

Hatua ya kwanza ni kuhudhuria kliniki mapema, mara mama anapotambua kuwa ni mjamzito, ikiwezekana kabla ya wiki 12, na akiwa na mwenza wake. Wote wawili hupewa ushauri nasaha na kupimwa VVU, pamoja na kaswende, ambayo nayo humdhuru mtoto tumboni. Kadiri mama anavyojua hali yake mapema, ndivyo dawa inavyopata muda mrefu wa kushusha virusi kabla ya siku ya kujifungua.

Hatua ya pili ni kuanza dawa. Mama anayekutwa na VVU anaweza kuanza siku hiyohiyo, akiwa tayari. Dawa humezwa kila siku kwa saa ileile. Lipo jambo dogo ambalo wengi hawalijui: wajawazito hupewa pia vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma. Vikimezwa pamoja na dolutegraviri tumbo likiwa tupu, madini hayo huishika dawa na kuizuia isiingie mwilini kikamilifu. Vinaweza kumezwa pamoja iwapo mama anavimeza na chakula. Akivimeza bila chakula, dawa ya VVU itangulie kwa muda wa saa 2, au ifuate baada ya muda wa saa 6. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini nazo hutenganishwa kwa muda huohuo, hata mama akiwa amekula. Hakuna sababu ya kuacha vidonge vya kuongeza damu. Kinachotakiwa ni kuvipangia wakati.

Hatua ya tatu ni kurudia kipimo kwa mama ambaye hakukutwa na maambukizi. Majibu ya mwezi wa tatu hueleza hali ya mwezi wa tatu. Hayawezi kueleza ya mwezi wa nane. Zaidi ya hayo, vipimo vya haraka hutafuta askari wa mwili wanaojitokeza kupambana na virusi, nao huchukua wiki kadhaa kuonekana baada ya mtu kuambukizwa. Kwa sababu hiyo kipimo hurudiwa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na tena katika kipindi cha kunyonyesha kadiri mtoa huduma atakavyopanga. Mama anayeambukizwa akiwa mjamzito au akinyonyesha huwa na virusi vingi mno katika wiki za mwanzo, na hatari kwa mtoto huwa kubwa kuliko kawaida.

Hatua ya nne ni kujifungulia katika kituo cha kutolea huduma. Mama aendelee kumeza dawa zake hata wakati wa uchungu, na aoneshe kadi yake kwa mkunga. Kuwa na VVU peke yake hakumlazimu mama kufanyiwa upasuaji. Wengi hujifungua kwa njia ya kawaida. Mkunga akijua hali ya mama, huepuka kupasua chupa ya uzazi mapema pasipo sababu, na humwandalia mtoto dawa.

Hatua ya tano humhusu mtoto. Mara anapozaliwa, hupewa dawa ya maji ya nevirapini kwa wiki 6. Aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa mfano ambaye mama yake alichelewa kuanza dawa, huongezewa dawa na muda. Anapofikisha wiki 4 hadi 6, huchukuliwa tone la damu kisiginoni, likakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara. Kipimo cha kawaida cha watu wazima hakimfai mtoto huyu, kwa sababu askari wa mwili aliowapata kwa mama yake hubaki katika damu yake hata miezi 18, na wanaweza kuonekana ilhali mtoto hana virusi. Kuanzia wiki ya 6 hupewa pia kotrimoksazoli, dawa ya kumkinga na nimonia na magonjwa mengine, hadi ithibitike kwamba hana maambukizi.

Hatua ya sita ni kunyonyesha. Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama pekee, bila maji, uji wala maziwa ya ng'ombe, isipokuwa dawa alizoandikiwa. Vyakula vya mapema huweza kuudhuru utumbo wake mchanga. Baada ya miezi 6 huanzishiwa vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi afikishe angalau mwaka mmoja, na wakati wa kumlikiza hupangwa na mama pamoja na mtoa huduma. Chuchu zikichanika, titi likivimba na kuuma, au mtoto akipata vidonda mdomoni, mama awahi kituoni, kwa kuwa hali hizo huongeza hatari.

Hatua ya saba, ambayo husahauliwa kuliko zote, ni kipimo cha kuhitimisha. Mtoto hupimwa tena kadiri anavyokua, na jibu la mwisho hupatikana baada ya kuacha kunyonya na kufikisha miezi 18. Jibu safi la wiki ya 6 ni habari njema, lakini linahusu siku zilizopita tu. Mtoto anayeendelea kunyonya bado yumo safarini.

Mifano miwili ya kutafakari

Mifano hii imetungwa kwa ajili ya somo. Haimhusu mkazi yeyote.

Mama wa kwanza alikutwa na VVU katika ujauzito wake wa pili. Alianza dawa, akajifungulia kituo cha afya, na kipimo cha wiki ya 6 kikaonesha mtoto hana maambukizi. Alifurahi. Msimu wa kilimo ulipofika, alikwenda kwa wakwe zake wilaya nyingine kwa miezi minne. Nyumba ilikuwa na watu wengi, naye hakutaka chupa ya dawa ionekane. Aliziacha nyumbani, akijiambia kwamba mtoto ameshapona hatari. Aliporejea, mtoto alikuwa na miezi 10, amekonda na ana homa zisizokwisha. Kipimo kikaonesha ameambukizwa.

Mama wa pili alipimwa akiwa na mimba ya miezi mitatu, hakukutwa na maambukizi. Mumewe alifanya kazi mgodini na hurudi mara chache. Hakuwahi kupimwa. Mama akaambukizwa katika mwezi wa nane. Hakurudia kipimo, kwa kuwa kadi yake ilikuwa na jibu jema na hakuona haja. Alijifungua salama, akanyonyesha kwa mapenzi yote. Hakuna aliyejua hadi mtoto alipolazwa.

Katika mifano hiyo hakuna mama mzembe. Yupo aliyeogopa macho ya watu, na yupo aliyeamini karatasi iliyopitwa na wakati. Mama wa kwanza angeweza kumweleza mtoa huduma kuhusu safari yake mapema, akapewa dawa za miezi kadhaa au barua ya uhamisho ya kuchukulia dawa katika kituo cha karibu na wakwe. Mama wa pili angeokolewa na kipimo kimoja cha dakika chache, na mume aliyekubali kupima pamoja naye.

Hata hivyo, kwa watoto hao wawili mambo hayajaharibika kabisa. Pasipo tiba, takriban theluthi moja ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na karibu nusu kabla ya miaka miwili. Lakini utafiti uliofanyika Afrika Kusini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, ulionesha kwamba kuwaanzishia dawa mapema watoto wachanga hupunguza vifo kwa takriban robo tatu. Mzazi mwenye shaka asingoje. Kuchelewa ndiko kunakoua.

Wajibu wa baba, familia na jamii

Kumkinga mtoto si kazi ya mama peke yake. Baba anayepima pamoja na mkewe huwezesha nyumba nzima kupanga. Ikiwa majibu yao ni tofauti, jambo ambalo hutokea mara nyingi, hiyo peke yake si ushahidi wa nani alikosa. Mwenza mwenye VVU hutumia dawa ili virusi vishuke, na asiye navyo hushauriwa kuhusu kondomu na, pale mtaalamu anapoona inafaa, dawa kinga. Baba asiyetaka kupima ajue kwamba majibu ya mkewe si majibu yake.

Familia nayo ina nafasi. Mama mkwe anayezuia uji wa mapema, wifi anayekumbusha saa ya dawa, jirani asiyeuliza kwa nini fulani huenda kliniki mara kwa mara: hao wote ni sehemu ya kinga ya mtoto. Kinyume chake, neno moja la kejeli barazani linaweza kumfanya mama afiche dawa, na dawa iliyofichwa mara nyingi haimezwi.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya mpimwaji na inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Mama anayehisi kwamba siri yake imevujishwa ana haki ya kulalamika, naye asiache huduma kwa sababu hiyo. Anaweza kuomba kuhamishiwa kituo kingine.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika vikundi

1. Mjamzito aliyepimwa mwezi wa tatu na kukutwa hana VVU, kwa nini anahitaji kupimwa tena?
2. Mtoto mwenye jibu safi la wiki ya 6 na ambaye bado ananyonya, je, mama yake anaweza kuacha dawa? Kwa nini?
3. Mama anayesafiri kwa msimu wa kilimo au uvuvi afanye nini kabla ya kuondoka?
4. Ni maneno gani yanayosemwa katika mtaa au kijiji chetu ambayo humfanya mama afiche dawa zake?

Upimaji wa VVU na dawa za kufubaza virusi hutolewa bila malipo katika vituo vya umma vya kutolea huduma za afya. Mjamzito, mama anayenyonyesha au baba mwenye swali afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji chake. Mama aliyekatisha dawa, hata kama ni kwa miezi mingi, arudi bila hofu ya kukaripiwa, na afike na mtoto. Na kwenye kadi ya kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, iangaliwe nafasi ya kipimo cha mwisho. Ikiwa bado haijajazwa, safari haijakwisha.